Gurudumu Limezaa

Nyamwaga,
11 Novemba 1956

Mdogo wangu Rubeni,

Pokea salamu zangu na za Boke. Sisi wazima. Mahindi ya bondeni yamefika magotini na migomba imeshiba maji. Boke anakua, nguo aliyoshonewa na baba yake sasa inamwishia juu ya magoti, lakini hataki nimpe mtoto mwingine. Msalimu wifi yangu Mokami, mwambie mtungi alionipa bado haujapata ufa. Mama anaendeleaje? Miguu yake je?

Mvua ya kwanza imeshanyesha juu ya mume wangu Marwa tangu tulipomzika. Majani yameota pale. Nilitoka na jembe niyapalilie, nikayaangalia, nikarudi nalo.

Sasa ninalotaka kukuandikia ni habari ya mashua na tela lake. Unaijua, ile mashua ndogo ya mbao, ya rangi ya kijani, ambayo yule Mzungu mpima ardhi alimwachia Marwa alipomaliza kumpikia, pamoja na tela la magurudumu mawili la kuibebea. Watu wa hapa waliiita meli ya mlimani, maana kutoka kwetu hadi mto Mara ni mwendo wa kutwa. Marwa alicheka pamoja nao. Lakini wewe na mimi tunajua ilikuwa ya nani. Alisema: "Rubeni atamleta mama yako kwa punda hadi ukingoni. Ataingia humu, atavuka, kisha tutaipandisha mashua kwenye tela yeye akiwa ndani, maksai wamvute mpaka mlangoni kwako. Hatakanyaga chini." Tena alisema akiwa amekaa juu ya kinu changu, jambo nililomkataza siku zote.

Hakuwahi kulifanya. Mimi nataka kulifanya mwakani, masika yakiisha na mto ukishuka. Mama hajafika kwangu tangu nifiwe, na mimi nataka afike.

Shida ni wezi. Mkokoteni wa mzee mmoja huku juu umekutwa umelalia tumbo, magurudumu hakuna. Matairi wanakata katambuga za kuvaa, chuma wanafulia mikuki. Wewe umefanya kazi ya barabara na unajua mambo ya magari. Niambie nifanye nini.

Shemeji yangu Heche amekuja mara mbili kusema ataitunza kwake. Nimemshukuru.

Ni mimi dada yako,
Verdiana


Machochwe,
9 Desemba 1956

Dada yangu Verdiana, shikamoo.

Barua yako imefika kwa mkono wa yule mama muuza dagaa, na inanuka dagaa tangu bahasha mpaka jina lako. Paka wetu aliisoma kabla yangu. Sisi tunaendelea vizuri. Pundamilia waliingia kwenye mtama, wifi yako akawatoa kwa kupiga sufuria. Pundamilia wamerudi porini wazima, sufuria ndiyo imeumia.

Mama hajambo. Anakula.

Habari ya tela. Mnyororo na kufuli si kitu, mwizi anakata mti wenyewe. Kambini kwetu tulikuwa tunafungua magurudumu, tunachomoa na kile chuma kinene kinachofunga tela kwenye gari, tunavificha mbali. Tela lisilo na magurudumu ni ng'ombe aliyevunjika miguu, hakuna anayeweza kumswaga. Makasia nayo usiyaache ndani. Halafu itie alama ya ukoo kwa chuma cha moto, kama unavyotia ng'ombe, ili hata ikipatikana Sirari mpakani ijulikane ni ya nani.

Lakini kwa nini Heche asiitunze? Ni ndugu wa marehemu na zizi lake lina uzio mzuri kuliko wako. Umesema umemshukuru, hukusema zaidi. Mimi nakujua, dada. Ukimshukuru mtu kwa neno moja tu, kuna jambo.

Mdogo wako,
Rubeni


Nyamwaga,
20 Januari 1957

Mdogo wangu Rubeni,

Salamu kwako, kwa Mokami na kwa mama. Hapa wazima, isipokuwa jogoo aliyekuwa akimkimbiza katekista. Huyo tulimla Krismasi, na katekista ndiye aliyeomba paja.

Nimefanya yote uliyoniambia. Machage mhunzi alikuja na chuma chake akatia alama ya ukoo ubavuni mwa mashua. Watu walijaa uani kama siku ya kuchanja ng'ombe. Mmoja akapiga kelele, "Verdiana, itakamuliwa lini hiyo?" Machage akamjibu, "Ngoja kwanza nimshike mkia." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu msiba, kisha nikaona Boke ananitazama, naye akaanza kucheka.

Habari ya kuficha ilinisumbua. Nyumba yangu ni moja, na mwizi akiingia atapata vyote. Ndipo nikamkumbuka baba. Unakumbuka hakuwahi kulaza ng'ombe wote zizini kwake? Huyu kwa rafiki wa huku, yule kwa rafiki wa kule, na aliyewekewa anakunywa maziwa, na ng'ombe akizaa, mchungaji siku moja anapewa ndama mmoja. Walipovamiwa mwaka ule, waliochukuliwa walikuwa wachache. Basi nimefanya vivyo hivyo. Gurudumu moja nimeliweka kwa jirani yangu Wegesa. La pili liko kwa mzee Waisiko. Makasia kwa Agustina, mke wa katekista. Kile chuma kinene anacho Machage.

Kila mmoja nilimwendea mwenyewe, nikasema kama baba alivyosema, "Nimekuletea ng'ombe wangu, nichungie." Wegesa alilipokea gurudumu kwa mikono miwili, akauliza, "Anakula nini?" Nikamwambia, "Mafuta ya mgando kidogo, hapo katikati." Mzee Waisiko yeye aliuliza kama lake ni dume au jike.

Mashua yenyewe na mifupa ya tela viko hapa uani, vimefunikwa turubai.

Habari ya Heche nitakuandikia siku nyingine.

Dada yako,
Verdiana


Machochwe,
3 Machi 1957

Dada yangu, shikamoo.

Sina karatasi ya kutosha, nimekata hii kwenye mfuko wa sukari. Mvua imeanza mapema na mto umeshapanda. Yule mama wa dagaa anasema hii ndiyo safari yake ya mwisho mpaka mto ushuke, kwa hiyo usione kimya ukaogopa.

Nimemsomea mama barua yako. Alicheka habari ya jogoo na ya mzee Waisiko, akataka nirudie. Nilipofika mahali pa mashua akauliza kama mbuzi wamerudi. Hajambo. Anakula.

Nimehesabu watu uliowawekea. Jirani, mzee, mke wa katekista, mhunzi. Ndugu wa mumeo simwoni. Dada, maksai watakaovuta tela ni wa nani?

Rubeni


Nyamwaga,
16 Juni 1957

Mdogo wangu Rubeni,

Masika yameisha, nasi tumetoka salama. Ukuta wa jikoni uliinama, tukaukandika upya. Boke ameanza kusoma sala kanisani kwa sauti. Barua yako ya mfuko wa sukari ilifika wakati wa Pasaka na sisimizi wake.

Wezi walikuja kweli. Asubuhi moja tulikuta nyayo zimezunguka tela pande zote. Walilisukuma, likalala kifudifudi, wakaondoka na turubai peke yake. Wegesa alipoona alisema, "Wamekuja kuiba ng'ombe, wameondoka na ngozi." Kwa hiyo ushauri wako ulikuwa mzuri, ahsante.

Sasa habari ya Heche. Niliona anakuja kwangu mara kwa mara, anagusa mbao, anapima tela kwa macho, nikadhani anataka kuligeuza mkokoteni wake. Basi nikawawekea watu wote isipokuwa yeye. Wewe uliliona kwa mbali, mimi niliyelala nalo sikuliona: kwetu ukimnyima ndugu ng'ombe wa kuchunga na kuwapa majirani, umesimama kijijini na kumwita mwizi. Hakuniambia neno. Aliacha tu kupita mlangoni kwangu, na mkewe akawa anachota maji kwa njia ya mbali.

Maksai ni wake. Nilikwenda. Nilimkuta anachonga mpini. Nikasema, "Shemeji, nimekuja."

"Naona," akasema. "Nimesikia mashua yako ina ndugu wengi siku hizi."

"Nimekuja kukuwekea ng'ombe."

"Amebaki nini? Mkia?"

"Wote walipewa kwato, shemeji. Wewe chukua ng'ombe mwenyewe."

Aliacha kuchonga. Alinitazama, akautazama mpini, kisha akamwita mkewe: "Mama, njoo usikie. Wenzangu wamepewa kwato, mimi nimepewa ng'ombe!" Akacheka kicheko kile kile cha Marwa, kinachoanzia puani. Sikujua kama wanacheka sawasawa. Siku ile ile alikuja na vijana wakaibeba mashua na tela mabegani hadi kwake, wanaimba, na mkewe akarudi nami kwa njia ya karibu.

Kisha nikaanza kukusanya kwato. Nilidhani nitamtuma Boke azunguke nyumba kwa nyumba. Wegesa akanikemea: "Ng'ombe aliyewekwa harudishwi na mtoto kama chumvi ya kuazima! Pika kitu, tuite, tutakuja naye wenyewe." Nikapika togwa, vyungu kwa vyungu. Machage akaonja akauliza kama hii itakomaa lini. Nikamwambia mimi ni mtu wa kanisa, haikomai.

Wakaja na vitu vyao. Agustina ameyapaka makasia mafuta ya alizeti mpaka yanateleza mkononi. Mzee Waisiko amelifunga gurudumu lake kamba shingoni, akalivuta uani akipiga mluzi. Wegesa peke yake hakuonekana. Mwishowe akaja na kaka yake, seremala wa kule karibu na Sirari. Kumbe aliposikia habari za wezi alilipeleka gurudumu kwa kaka yake, naye akalichunga. Yule kaka akaliweka mbele yangu, halafu akatoa chini ya koti lake gurudumu dogo la mbao, limechongwa kama lile, hata vitundu vya nati vimo.

"Mama," akasema, "gurudumu limezaa."

Nikamuuliza, "Limezaa na nani?"

"Muulize mwenyewe. Mimi niliona tumbo tu."

Watu walipiga makofi. Alisema hakuweza kumrudisha ng'ombe wa watu bila ndama baada ya miezi yote hiyo, wangesema alimlisha vibaya. Boke analiviringisha sasa hivi mbele ya mlango, siwezi kuandika kwa kelele.

Kila kitu kipo, Rubeni. Mto umeshuka. Niambie siku gani unamleta mama. Na safari hii usiniambie anakula. Niambie anasemaje.

Verdiana


Machochwe,
7 Julai 1957

Dada yangu Verdiana, shikamoo.

Salamu za huku ni nzuri. Mtama umekauka vizuri. Mokami amejifungua mtoto wa kike, mnene, na tumempa jina Nyangi. Hilo ndilo jambo la furaha, nimeliweka mbele kwa makusudi.

Umeniuliza mama anasemaje. Anasema haji.

Haumwi. Nimekuwa nikikuandikia kwamba anakula kwa sababu ni kweli na kwa sababu sikupenda kukuandikia hili. Tangu barua yako ya kwanza nilimwambia habari ya mashua, akakataa. Nikadhani anaogopa mamba. Jana nilimkalisha juani nikamwambia dada ameshikanisha kila kitu, watu wote wa Nyamwaga wanamngoja. Akasema, "Rubeni, wewe una akili? Nikalie alipokalia mkwe wangu?"

Nikamwambia mkwe mwenyewe amefariki.

"Ndiyo vibaya zaidi," akasema. "Alipokuwa hai sikukaa hata kwenye kivuli alichotoka. Akija hapa nilipita nyuma ya nyumba. Sasa kwa kuwa hawezi kunikimbia, nikamkalie kiti chake?"

Nikamwambia tutaweka ngozi ya mbuzi juu. Akasema makalio ya mkwe hayazibwi kwa mbuzi. Mokami alitoka nje akacheke huko. Mimi nikaacha kubishana, maana kwa heshima ya kwetu mama ana haki. Kisha alisema kwa sauti ndogo, "Mwambie Verdiana nampenda. Mwambie nalia nikimfikiria pale peke yake." Akageuka upande.

Nimekwama, dada.

Rubeni


Nyamwaga,
21 Julai 1957

Mdogo wangu,

Mungu ambariki Nyangi na mama yake. Nimempelekea kibuyu cha mafuta kwa mkono wa huyu anayeleta barua.

Barua yako niliisoma njiani kutoka kanisani, nikaketi juu ya kisiki. Nilipofika kwa Heche nilimweleza. Akaniangalia kama mtu aliyesahau kufunga zizi. Akasema, "Kwani Marwa hakukuambia habari ya ubao wa mbele?"

Msomee mama haya neno kwa neno.

Mashua ya yule Mzungu ilikuwa na kiti kimoja cha nyuma. Marwa aliazima randa kwa Heche, akapasua ubao mpya, akaupiga randa mpaka ukawa laini kama ndani ya kibuyu, akaupigilia mbele. Heche alitaka kuukalia ajaribu nguvu yake. Marwa akamwondoa: "Hapo ni pa mama mkwe. Mkwe hapajaribu, na wewe ndugu yake hupajaribu." Wakaujaribu kwa gunia la mahindi.

Nami nakumbuka. Alipokuwa akinifundisha kupiga makasia kwenye bwawa la ng'ombe, yeye alikaa nyuma, mimi akanikalisha chini kwenye sakafu, maji yananilowesha. Boke alitaka kukaa mbele, akamwambia, "Hapo pana mwenyewe." Nilidhani anamtania mtoto. Hajapakalia yeye, wala Heche, wala mimi, wala Boke. Gunia la mahindi tu.

Alimtengea mama mahali pake mwenyewe, Rubeni, akaona haya kulitamka mbele yangu, maana ni mama yangu.

Msomee. Kisha niandikie siku.

Verdiana


Machochwe,
4 Agosti 1957

Dada, shikamoo.

Nimemsomea. Nikaanza kuikunja barua. Akauliza, "Gunia lilikuwa la mahindi au la mtama?" Nikasema mahindi. Akasema, "Basi lilikuwa zito kuliko mimi," akamwita Mokami amfulie kitenge chake.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, pale kwenye mchanga chini ya maporomoko madogo, ambako viboko hawakai. Nitakuwa na punda.

Rubeni


Nyamwaga,
8 Septemba 1957

Mdogo wangu Rubeni,

Mama anakusalimu, Boke anakusalimu, Heche na mkewe wanakusalimu. Mbusu Nyangi.

Ulituona mpaka tulipogusa ukingo wa huku. Ulimwona Wegesa akivushwa kwanza kuja kwako na kurudi, anapiga mayowe kama anachinjwa, na mzee Waisiko, na Machage aliyesema mashua inamwogopa. Nisamehe tulivyomchelewesha mama juani. Kila aliyechunga alidai maziwa yake, na mashua haina maziwa mengine ila kumvusha mtu. Ulisema mimi napiga makasia kama mwanamume. Marwa alisema napiga kama mtu anayetwanga, na nadhani yeye alisema kweli zaidi.

Ambayo hukuyaona ni haya. Mama alikataa kushuka tulipoipandisha mashua kwenye tela. Alishika ubavu kwa mikono miwili, amenyooka kwenye ubao wake, kitenge kichwani, na maksai wakaanza kupanda mlima. Kila tulipopita mji, watu walitoka nje. Mtu akauliza, "Huyo mnamtoa wapi?" Kabla hatujajibu, mama mwenyewe akajibu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa wadogo: "Nimetoka Machochwe kwa maji, sasa nakuja kwa nchi kavu, na bado sijashuka!" Baada ya hapo alikuwa akiwasalimia watu kabla hawajamuona vizuri. Wanawake wakaanza kutufuata. Tulipofika uani kwangu walikuwa wengi kuliko harusini kwangu, nami sikuwa na togwa ya kutosha hata robo yao, wakanywa maji na kucheza.

Tulimshusha mlangoni. Hakukanyaga njia hata hatua.

Kesho yake aliomba apelekwe kwa Marwa. Mimi na Boke tulimshika huku na huku. Nikataka kumweka mbele ya kaburi, akasema hapana, geuzeni. Tukamweka kwa ubavu, anatazama migomba, kama anavyokaa mtu na mkwe wake akipita. Akavuta kitenge mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Mkwe, nimefika. Nimekaa vizuri. Ubao haukuniumiza." Akaongeza: "Majani yako ni mazuri, waambie wasiyang'oe." Kisha akaniambia twende, amesikia njaa.

Sasa yuko jikoni anamfundisha Boke kusonga ugali na kumwambia kwamba mimi sikuwahi kuujua. Ananiita nikaonje. Anakula, Rubeni, safari hii naandika kwa kuwa naona mwenyewe. Atakaa mpaka mvua za mwisho wa mwaka zikaribie, na akitaka zaidi sitamkataza.

Lazima niende, ugali unapoa. Jioni mnapokusanyika huko kusali, wewe na Mokami, mtutaje na sisi tulioko ng'ambo hii, na Marwa pia. Mtukumbuke.

Dada yako,
Verdiana